Gemu Iliyokaa Kwenye Kigoda

Mama mkwe wangu mpendwa,

Kaa huko uliko, nami nikae hapa, tusije tukavunja adabu hata sasa. Siku zote ni mwanao Nasimiyu, mke wangu, aliyekuletea maneno yangu, lakini leo nimeona niandike mwenyewe. Ulituacha wakati wa kupanda. Mahindi yako ya Kamukuywa sasa yananifika kifuani, na kuna jambo la gemu ambalo mimi na wewe hatukulimaliza.

Wewe wajua, ila wengine watakaosoma hawajui: kwetu Bungoma mwanamume hamsalimii mama mkwe kwa mkono. Hampi kitu mkono kwa mkono wala hakalii kiti alichokalia, na mama mkwe naye halali kwenye nyumba ya mkwewe. Tuliyafuata hayo miaka kumi na moja bila shida, wewe Kamukuywa, mimi Kitale, tukiheshimiana kwa mbali. Kisha ukateleza ukishuka ghalani na mfupa wa paja ukavunjika. Baada ya upasuaji daktari akasema utakaa Kitale miezi mitatu, karibu na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ukiyaacha mazoezi, alisema, hutatembea tena.

Nakumbuka ulivyoingia kwangu kwa mlango wa nyuma, umejitanda leso mpaka machoni, magongo mawili makwapani. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya tangi la maji kama mwizi wa kuku, nikingoja ufike chumbani. Juma zima hukutoka humo nikiwa nyumbani. Chakula ulikigusa tu. Mazoezi uliyakataa kwa sababu yalikutaka utembee kwenye ukumbi wa nyumba, na ukumbi unapita karibu na sebule, na sebuleni nipo mimi. Nilikusikia ukimwambia Nasimiyu, "Mimi narudi kwangu. Ati nile, nilale, nipumue kwa nyumba ya mkwe? Wacha nilemae nikiwa na heshima yangu."

Maneno hayo yaliniuma. Basi nikafanya kile ninachokijua. Mimi ni fundi wa simu, na fundi wa simu huamini kila shida ya dunia ina simu yake. Nikachukua simu yangu ya zamani yenye kioo kikubwa, nikaisafisha, nikatia laini yako, nikaweka gemu ya kupanga matofali ili usichoke kukaa. Siku ya tatu nikaikuta kwenye kigoda ukumbini, imefunikwa kitambaa. Ulikuwa umemtuma Nasimiyu aniambie asante, lakini hiyo simu iko na watu wengi.

Ulisema kweli. Kila ulipopanga matofali, tangazo lilirukia kioo. Likiisha tangazo, dada zako walipiga kutoka Bumula na Bokoli kuuliza mguu unaendeleaje, na wakimaliza wao, ujumbe wa akina mama wa kanisa uliingia. Na kwenye simu hiyo, Mungu anisamehe, nilisahau kufuta picha moja: mimi nimevaa fulana tu, nimemkumbatia mwanao, nacheka meno yote nje. Wewe hukuwa umewahi kuniona bila koti. Nasimiyu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitaka ardhi inimeze.

Ndipo nikaingia kwenye duka la familia moja ya Kihindi hapa mjini, duka linalohifadhi hata vitu vya zamani, nikapata gemu ile ya mkono. Kidude cha plastiki cha kijivu, betri mbili, kioo kidogo kama sanduku la kiberiti. Matofali yanashuka, unayapanga, basi. Hakipigi simu wala hakiweki picha, na hakikujua kama kimeshikwa na mimi au na wewe. Sikumpa Nasimiyu akuletee. Nilikiweka kwenye kigoda kile kile, nikasema kwa sauti ya kutosha kwamba ni cha nyumba, si cha mtu.

Jioni niliporudi kazini, rekodi ilisoma mia nane. Asubuhi nikacheza kidogo nikiwa nimesimama, nikaiacha kwenye elfu moja na mia moja. Jioni ikasoma elfu mbili na mia tatu. Hapo nikajua kumbe nina mshindani ndani ya nyumba yangu. Na kwa kuwa kukifikia kigoda kulitaka hatua nne kutoka mlango wako, mimi nilikuwa nakisogeza. Hatua moja leo, nyingine keshokutwa. Mwezi wako wa pili kwetu ulikuwa unatembea ukumbi mzima kwenda na kurudi, na mtaalamu wa mazoezi akajisifu kwamba ni kazi yake. Nikamwacha ajisifu.

Kisha nikaharibu. Kioo kilianza kufifia, nami kwa wema wangu wa haraka nikatoa betri nikatia mpya. Gemu zile hukumbuka rekodi zikiwa na betri tu. Ukizitoa, kila kitu kinarudi sufuri. Rekodi yako ilikuwa elfu kumi na mbili na mia nne. Siku mbili kidude hakikuguswa. Siku ya tatu nilikuwa mlangoni nafunga kamba za viatu, nikasikia magongo yakija, yakasimama nyuma ya pazia la ukumbi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja ukasema nami mwenyewe.

"Mkwe, umenifuta."

Niligeukia ukuta haraka. "Nisamehe, mama. Sikukusudia."

"Wewe si fundi?"

"Ni fundi, mama."

"Fundi gani anafuta mtu, bana?" Ukagonga sakafu kwa gongo. "Na hicho kigoda, kwani kimeota miguu? Kila siku nakuta kimehama."

Ukacheka. Nami nikacheka na ule ukuta. Tangu siku hiyo tulizungumza kila asubuhi, pazia katikati, na hatukuzungumza lolote ila matofali. Ulinionya nisikuachie ushinde hata mara moja, kwamba ukigundua utarudi Kamukuywa kwa magoti. Nikaahidi, na sikukuachia, mama. Ulinipiga kihalali, na ilikuwa inaniudhi kwelikweli.

Ulirudi kwako kwa miguu yako, gongo moja, gemu ndani ya mkoba. Baada ya hapo kidude kilisafiri na Nasimiyu kila mwezi, zamu yako, zamu yangu, hadi zamu hii ambayo hukuirudisha. Tulipokwisha kukuzika, aliikuta chini ya mto wako, imefungwa kwenye leso. Rekodi ni elfu thelathini na moja. Yangu bora maishani ni elfu ishirini na sita. Mama, ulikuwa hulali?

Nimeiweka kwenye meza yangu ya kazi. Juzi msichana mmoja wa chuo alileta simu yenye kioo kilichopasuka, akaiona. "Fundi, hii si ni ya kitambo? Mimi gemu zangu zote ziko kwa simu." Nikamwambia simu ni nzuri, nayo ndiyo inayonilisha, na gemu zake zina rangi na mbio ambazo hiki kidude hakitazipata kamwe. Lakini simu ni ya mtu mmoja, ina nywila yake na mambo yake, na huwezi kumwachia mama mkwe wako kwenye kigoda. Alitabasamu tu, akauliza kioo kitakuwa tayari lini.

Nilipobaki peke yangu niliona kioo chako kimeanza kufifia tena. Safari hii sikukimbilia kutoa betri. Nilichomelea nyaya mbili, nikaunganisha betri mpya huku za zamani zikiwa bado ndani, kisha ndipo nikazitoa zako. Moto wa betri haukukatika hata kidogo. Elfu thelathini na moja ikabaki pale pale, na mimi fundi wa miaka ishirini nikalia kwa sababu ya namba.

Jambo ambalo hatukulimaliza ni hili. Kidude kinaweka rekodi moja tu, ya juu. Atakayekupita anakuondoa. Jana nilicheza, mkono umetulia, matofali yakalala vizuri kuliko siku zote, nikafika elfu thelathini na mia tisa. Ulibaki mstari mmoja tu nikupite. Nilijua ninaiweza, na wewe ungekuwa nyuma ya pazia ungejua pia. Nikaliacha tofali lishuke vibaya, na lililofuata, mpaka kioo kikajaa.

Nimevunja ahadi, nimekuachia. Kasirika, ni haki yako. Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyeniuliza ni fundi gani anayefuta mtu.

Pumzika, mama. Kigoda kipo ukumbini, na sitakisogeza tena.

Mkwe wako,
upande huu wa pazia