Zamu ya Kukesha

Mjimwema, Jumanne usiku

Usingizi umenikataa, na bado yule dada wa ushauri pale kliniki ananiambia nichague kichwani mahali pa utulivu. Vidonge vya usingizi nilivikataa mwenyewe, vilikuwa vinaniamsha kama mlevi, ndiyo maana leo nikakubali hiyo hipnosisi yake. Nilidhani ni mazingaombwe. Kumbe ni kufumba macho na kuifuata sauti yake taratibu.

Nikachagua bani la baba la kukaushia tumbaku kule Lusewa. Majani yananing'inia juu, moto unafuka chini, joto zuri. Mwili ukalegea. Halafu macho yakafunguka yenyewe.

“Umeona nini, mama?”

“Kwenye bani hakulaliwi. Moto ukipanda, tumbaku inaungua na bani lenyewe. Lazima mtu akeshe.”

Nikajichukia. Mahali pote duniani, nimechagua pa kukesha.

Hakucheka. Aliuliza, “Na tumbaku ikishakauka, anakesha nani?”

“Hakuna. Moto unazimwa, watu wote wanalala.”

Nikajisikia mwenyewe nikisema hivyo. Mume wangu alipougua, nilikuwa nakesha nikisikiliza pumzi zake. Tulimzika wakati wa masika, na bado nasikiliza.

Sijui kama nitalala. Naogopa hata kujaribu. Lakini tangu augue nimekuwa nikilala upande wa nje wa kitanda, ili niwahi kumwinua akikohoa. Sasa hivi nimeusogeza mto wangu upande wake, ukutani.