Nyumba ya Papa Ambayo Généreuse Hakukubali Iuzwe

Masisi, tarehe 19 Septemba 1954

Mpendwa kaka Hubert,

Salamu nyingi kutoka kwetu milimani. Natumaini barua hii itakukuta umepona, na kwamba ile homa uliyoniandikia mwezi wa saba imekuacha ulale vizuri. Shemeji Jeannette hajambo? Na watoto wanaendelea aje na masomo huko Walikale? Huku ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, na mimi nafundisha darasa la pili nikiwa nimevaa makoti mawili.

Sisi sote tuko wazima. Shangazi Agathe magoti yanamsumbua, lakini bado anafika kwenye misa ya kwanza kabla yangu. Maharagwe tumeisha kupanda, na mvua imekuja kwa wakati wake.

Kaka, najua unangoja habari za kuuza nyumba ya marehemu Papa. Shofeli wa lori alinipa barua zako mbili, na zote mbili sikuzijibu. Haikuwa dharau. Nilikuwa sijui nianzie wapi. Leo nakuandikia yote jinsi yalivyotokea.

Unakumbuka tulivyokubaliana kwenye Pasaka. Vyumba vinne pale kando ya njia ya soko, na wapangaji wanaondoka mmoja mmoja. Mimi kila mara nilipunguza bei, na wao wakazidi kuondoka. Mwisho vilibaki vitupu vyote, mbuzi za jirani zikawa zinalala ndani. Papa Nzabonimpa, yule mfanyabiashara wa samaki wa Shasha, alikuwa tayari kununua. Sisi wawili tulisema sawa. Hatukumuuliza dada yetu Généreuse, na yeye ndiye alikuwa anakaa pale, katika kijumba cha nyuma, tangu bwana yake alipomrudisha kwa sababu hawakupata mtoto.

Nilipomwambia, mwezi wa tano, hakulia. Aliweka jembe chini, akanitazama.

"Kaka Édouard, munipe miezi tatu. Kama haikutengenezeka, muuze, na mimi nitaenda kukaa kwa Shangazi."

Nilimpa ile miezi kwa huruma tu. Sikuamini hata kidogo.

Kitu cha kwanza alichofanya kilinishangaza, maana nyumba yenyewe hakuigusa. Alifunga kitambaa kichwani, akaenda kwa miguu kuwatafuta wale wapangaji waliotuhama. Alimpata Hilaire, yule muuguzi wa dispensari, akamuuliza bila kuzunguka kwa nini aliondoka.

Hilaire akamwambia, "Nyumba yenu haikukuwa mubaya, dada. Moshi ya jikoni njo ilinifukuza. Usiku nilikuwa nakohoa kushinda wagonjwa wangu."

Bibi ya kalani, yule mwandishi wa ofisini aliyekuwa mpangaji wetu, alisema mahali pa kuogea palionekana kutoka njiani, na yeye alikuwa anaamka kabla ya jogoo ili aoge bila kutazamwa. Fundi seremala alisema maji ya mvua yalikuwa yanaingia chini ya mlango na kuharibu mbao zake. Kaka, hakuna hata mmoja aliyetaja bei! Miaka miwili mimi napunguza bei, na dawa haikuwa pale.

Basi dada yetu akaanza kazi. Alichimba mfereji mbele ya milango yote, akaupanga mawe ya mtoni aliyobeba mwenyewe kwa kikapu mgongoni. Jiko la zamani alilibomoa, akajenga jingine mbali kidogo, upande ambao upepo unatoka nyumbani kwenda shambani, na kila mpangaji akapata mafiga yake, asigombane na mwenzake. Mahali pa kuogea alipazungushia mianzi mirefu, akatandika mawe chini ili mtu asikanyage matope.

Kuta alizipaka udongo mweupe mara tatu. Chumba kile cha mwisho, kilichokuwa giza kama shimo, alikitoboa dirisha upande ambao jua linatoka. Mimi nilipita siku moja, nikamcheka kwamba wapangaji hawali udongo mweupe. Yeye akaendelea kupaka.

Bawaba na makufuli ya milango yalitoka wapi? Nilikuja kujua kwa Shangazi. Généreuse aliuza vitambaa vyake vya arusi, vyote, hata kile cha bluu ulichomnunulia wewe. Niliposikia hivyo sikuweza kula siku hiyo.

Mwezi wa nane Papa Nzabonimpa akaja na mkoba wake wa pesa kumaliza mambo. Tulipofika uani, mvua ikapiga kwa nguvu, tukakimbilia chumba cha dirisha. Généreuse alituletea makaa ya kuota na chai. Yule mzee alikaa, akatazama ukuta, akatazama chini ya mlango. Maji yalikuwa yanapita nje katika mfereji, na ndani hakuingia hata tone.

"Édouard," akasema, "hii si nyumba ile niliona kwenye Pasaka." Na pale pale akaongeza bei, nusu tena juu ya ile tuliyopatana.

Kaka, sitakuficha. Roho yangu ilitaka. Niliwaza bati za nyumba yangu, niliwaza na wewe na deni lako la baiskeli. Nilikuwa nimefungua kinywa. Généreuse akanitangulia, kwa heshima, birika la chai mkononi.

"Papa Nzabonimpa, kama iko muzuri ya kununua, iko muzuri ya kupanga pia. Siku ya soko unalalaka wapi?"

Mzee akacheka. Alikiri kwamba analala juu ya mizigo yake kwenye baraza la watu. Akasema basi, atapanga chumba hicho, na samaki wake wakavu ataweka humo humo. Mimi nilifurahi, nikadhani imekwisha. Dada akakataa!

"Wewe karibu sana, Papa. Lakini samaki hapana. Harufu yake itafukuza wengine, na nitarudi kukaa na mbuzi. Jenga kibanda kule chini kwa mali yako, mimi nitakuchungia."

Nani anamjibu tajiri namna hiyo? Lakini mzee akafunga mkoba wake, akasema kwamba mtu anayechunga hivi wapangaji ambao hajawapata bado, atamchungia na samaki. Kibanda kimekwisha kujengwa.

Hilaire alirudi juma lililofuata, akimleta pia moniteri mmoja, mwalimu mwenzangu wa shule yetu. Seremala naye amerudi. Vyumba vyote vinne vina watu, kwa bei iliyopita ile ya kwanza kabisa aliyoiweka marehemu Papa, na hakuna anayenung'unika. Wawili wengine wameacha majina yao kwa dada, wanangoja nafasi.

Kwa hiyo kaka, pesa za kuuza nyumba hazitakuja. Fungu lako la kodi nimempa shofeli pamoja na barua hii, na litakuja hivyo kila mwezi.

Kuna neno moja limebaki. Jumanne iliyopita kalani mwingine, mwandishi wa chefu, alipita kuandika wenye nyumba. Aliingia uani, akauliza kwa sauti nyumba hii ni ya nani. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, mtoto mwanamume wa marehemu. Hilaire alikuwa ananyoa ndevu, seremala anapiga randa. Wote wakajibu kwa mara moja, "Ya Mama Généreuse."

Kalani alinitazama, kalamu iko juu. Généreuse naye alinitazama, mikono yake imejaa udongo mweupe. Sikusahihisha. Kalani akaandika.

Najua desturi yetu kwa watoto wanawake, na wewe ndiwe mkubwa wetu. Nakuomba, kaka yangu, na wewe usisahihishe.

Nisalimie sana shemeji Jeannette, na Symphorien, na kadogo Athanasie. Shangazi Agathe anawaombea kila asubuhi. Mungu awalinde katika msitu huo na awarudishe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako, nisiyeacha kukupenda,

Édouard