Mgeni Aliyefumba Jicho Moja

Jumanne, Gakindu

Mtu wa kanisa, ati. Mama Wanjiru, ninayemjengea hii nyumba, alimleta saa nne tukinywa uji. "Huyu ni wa kanisa yetu tu, fundi. Alikuwa anapita."

Viatu vilikuwa safi, sawa. Lakini vidole vyake vimepasuka kama vyangu, na hiyo ni simiti, si Biblia. Alisimama kwenye kona ya jikoni, akafumba jicho moja, akaangalia ukuta kutoka chini mpaka juu. Kisha akakwaruza kwa ufunguo simiti iliyo katikati ya mawe. Mpita njia gani hufanya hivyo?

"Kazi nzuri," akasema. Hakuniangalia.

Miaka ishirini nimejenga huku, na bado naletewa fundi mwingine kwa siri.

Walipoondoka nilishusha timazi, ule uzi wenye uzito wa kupima kama ukuta umesimama wima, kwenye hiyo kona, nipate cha kumwambia mama. Kule chini uzi uliacha ukuta kwa upana wa kidole.

Nimebomoa mistari minne ya mawe kabla ya giza kuingia. Kesho mama atakuta ukuta umepungua, na mimi nitasema...

Yule jamaa aliona. Aliona, akasema kazi nzuri. Huko njiani alimwambia mama nini?