Weka Tiki Tu, Mama

3 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na majirani nao hawajambo. Mimi mzima, ila roho iko juujuu. Unajua nilivyohangaikia nafasi hii ya mafunzo ya utafiti kwa sisi wanasaikolojia tunaoanza kazi. Sasa kila mmoja ametafsiri kutoka Kiingereza dodoso la kupima ugonjwa wa huzuni, na lazima alifanyie majaribio kwa watu kumi. Nina tisa. Asiyetimiza kumi kufikia tarehe kumi na tisa, anafutwa. Nijazie hili. Sifuri ni "hapana kabisa", tatu ni "kila siku".

Mwanao

8 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, ila maswali yako yamenichosha. "Umejihisi uko chini?" Mimi fundi cherehani, nakaa kitini, chini nifuate nini? Hicho Kiswahili umesomea wapi? Tena, "Umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda?" Tangu baba yako atutoke cherehani nimeifunika. Wateja nawaambia mkono unauma. Hauumi. Hiyo nayo ni moja au ni tatu? Visanduku vyako havitoshi, nimeandika pembeni.

Mama yako

11 Juni

Mama,

Shikamoo. Za hapo? Mama, jamani! Nilisema tiki! Mkufunzi ameikataa karatasi yako, eti imechafuliwa, maneno ya pembeni hayahesabiki. Na "kuwa chini" ni kuhuzunika, wenzako tisa wameelewa bila ubishi. Nakutumia nyingine. Nakuomba sana, usiandike hata nukta. Nimeomba nafasi hii miaka mitatu, usiniangushe.

Mwanao

15 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo. Karatasi yako hiyo. Nimeweka tiki kwenye sifuri zote, sikuandika kitu.

Mama

19 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Mkufunzi ameipenda karatasi ya pili. Akaiinua mbele ya darasa: "Huyu mama ni mzima kutushinda sote!" Wenzangu wakacheka, nami nikacheka. Niliporudi kukaa nikaitoa ile ya kwanza mkobani, nikasoma ulichoandika pembeni. Mama, sikuwa nimeisoma. Hata barua yako niliipitia harakaharaka kutafuta kama umejaza. Ni mimi huyo, nalipwa kusikiliza watu.

Nimejikasirikia hadi nikashindwa kukaa. Nikamwambia mkufunzi sifuri zile si za kweli, nilizilazimisha mimi, anirudishie. Akasema nikiichukua nabaki na tisa. Nikaichukua. Jina langu wamelikata mchana huohuo, na dodoso langu hilo bovu limebaki kwao, wahangaike nalo.

Nimeumia, sitakudanganya. Lakini usije ukaanza kuniomba radhi, nitakasirika upya. Jumamosi nafika na basi la kwanza. Nitakuuliza hali, na safari hii nitakaa nisubiri jibu.

Mwanao