Nimemng'ata Daktari wa Meno

Birger, ndugu yangu, nimemng'ata daktari wa meno! Nimemng'ata kweli!

Nilikwenda kusafishwa fizi tu, akanitoboa kidole. Kidole, Birger! "Fizi zinavuja damu, mzee Helmer, tupime sukari." Ikatoka kumi na tisa, juu mno.

"Umekula nini leo?"
"Maandazi mawili ya krimu. Leo si ile Jumanne ya kuyala kabla ya Kwaresima? Langu na la Majvor."
"Basi mkeo naye aje apimwe."

Aje! Nikamwambia Majvor aliuawa na sukari mwaka juzi, na kiti chake hiki cha meno ni hichohicho alichokalia miaka yote!

Akarudisha kidole chake kwenye fizi zangu. "Pole. Wakubwa wametuletea kipimo mwaka huu tu."

Mwaka huu! Mdomo ukajifunga wenyewe.

Akakichomoa, akakitazama. "Meno mazima, baba. Nenda hospitali leo hii, usimfuate mkeo."

Niko mlangoni pa hospitali. Njoo, peke yangu siingii.