Kaleso Yangu Nyuma ya Kioo

Kabambare

Koko, nyanya yangu, muke wangu wa kwanza kule Kasongo,

Uko muzima? Miye niko, ila haya inataka kuniua. Njia yote ilikuwa matope, pikipiki ikaniangusha, nikafika kwa wakwe nguo zote chafu. Wakwe wamenunua mashini mupya ya kufula, wameiweka ndani ya salo, pale wageni wanakaaka. Haifunguke juu kama ile yako ya zamani ninayochekaka, yenye kifuniko cha chuma na rulo mbili za kukamua. Hii iko na mulango wa kioo mbele. Wakatia nguo zangu zote ndani, wakawasha jenereta, jamaa yote ikakaa kuangalia. Koko, kaleso yangu, ile nguo ya ndani, ikaanza kupita kwenye kioo, inaenda, inarudi, mbele ya mama-mukwe! Nikainamisha kichwa. Mama-mukwe akafunika kioo na kikwembe chake cha mabega, akageukia watoto wake, maana yeye na miye kwa heshima hatusemeshane: “Mumwambie mukwe wetu, miye sikuona tundu lolote. Hata lile la nyuma.”

Koko, ile mashini yako iko na adabu. Uipanguse vizuri, Mungu akupe nguvu, na unishonee kaleso mbili mupya.

Mujukuu na bwana wako,
Saidi