Kwa Mbonea, Uliyetukuta Tukichimba Uwanja

Mwanangu mpendwa Mbonea,

Natanguliza salamu za nyumbani, na nitazitaja moja moja, maana kila mtu amepita hapa nilipokaa akiuliza kama jina lake nimeliandika. Baba yako anakusalimu. Kifua kinambana ukungu wa mlima Shengena ukishuka, lakini shambani anakwenda. Bibi yako anakusalimu. Macho yake sasa yanaona vivuli tu, na kila akisikia kitu njiani anauliza, "Ni Mbonea huyo?" Siku nyingine ni mbuzi wa jirani. Mdogo wako Nakijwa anakuamkia, shikamoo kaka. Amenipita kimo, na ndiye atakayeiingiza barua hii kwenye simu aitume kwenye makundi ya watu wetu walio mbali, wa Dar, wa Geita, wa Mererani, popote. Mjomba wako Elinami anakusalimu, redio yake ni ile ile iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Baba yako mdogo naye anakusalimu, ingawa juu yake nina maneno huko mbele. Ng'ombe yupo, amezaa ndama jike. Na mimi mama yako nakusalimu. Nikisema sijambo nitakuwa nimesema uongo, basi niseme tu kwamba nipo.

Wengine mtakaoisoma barua hii kabla ya mwenyewe, msinicheke. Anwani yake sina. Kama mnakaa karibu na kijana Mpare, mrefu, mwenye kovu kwenye goti la kushoto, asiyependa kuongea habari za kwao, mpeni simu asome.

Mbonea, miaka mitatu sasa tangu uondoke. Nakukumbuka ukiwa mdogo, mnacheza pale kwenye kiwanja cheupe juu ya shamba letu la tangawizi. Mpira wenu wa matambara na maganda ya mgomba. Upande wa juu ukingo, upande wa chini mteremko, na mpira ukiponyoka unashuka mpaka mtoni. Sheria yenu ilikuwa aliyeuachia ndiye anaufuata. Ukaufuata weee, mpaka ukachoka, ukajifunza kuuzuia. Nadhani ubeki wako ulianzia hapo, kwa uvivu wa kupanda mlima. Nilikuwa nakufokea, "Mbonea, tangawizi zangu!" nawe unajibu kutoka huko chini, "Mama, sijazikanyaga, nimeziruka!" Jioni nazikuta zimelala.

Kisha ukachukuliwa na timu ya wilaya, ukawa unashuka Same kwa mazoezi. Jezi yako nilikuwa naifua Jumapili baada ya kanisa, na kwa ukungu wetu haikauki, naianika juu ya mafiga. Uliniambia wenzako wakisikia harufu ya moshi wanasema, "Beki wa milimani kaingia, fungueni madirisha." Ulinicheka nilipotaka kuifua upya. Ulisema, "Iache tu mama, washambuliaji wanakohoa."

Halafu ndipo likaja lile kombe la nchi nzima.

Siku hizi, mwanangu, kombe hilo nalijua kuliko mapishi. Mjomba wako amenifundisha, na mengine nimeyasikia mwenyewe redioni. Kombe lenyewe si la juzi. Lilikuwepo zamani kwa majina mengine, likalala miaka mingi hadi watu wakalisahau, ndipo likafufuliwa. Timu ndogo zinaanza zenyewe kwa zenyewe. Halafu zinaingia za madaraja ya juu, na zile kubwa kabisa zinakuja baadaye, kama wageni wa heshima wanaofika karamuni chakula kikiwa kimeshaiva. Wanachanganya majina ya timu, wanaokota, na timu ya wauza mitumba inaweza kuokotewa timu yenye basi lake na daktari wake. Dakika tisini zikiisha mko sawa, mnapiga penalti. Bingwa anakwenda kucheza na nchi nyingine za Afrika. Na ukifungwa mara moja tu, umetoka. Hakuna kukutana tena.

Hilo la mwisho ndilo tulilokuwa hatulijui.

Sisi tulilijua kombe la mbuzi. Wewe mwenyewe umelicheza. Timu ya huku juu inashuka kwanza kwa wale wa barabarani, kisha wao wanapanda kwetu, wanafika wanahema, ndimi nje, na sisi tunamaliza kazi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu baba yako akiwa kijana. Mtu hajafungwa mpaka afungwe kwao na kwenu. Basi ulipokwenda Moshi kucheza na timu ile kubwa ya Dar, vijana wote wenye akili ya mpira walikodi gari wakakufuata. Tuliobaki tulikuwa wazee, akina mama na redio ya Elinami.

Tulikaa uani kwetu. Nilikuwa napukuchua mahindi, sikupata hata debe. Kila mtangazaji alipotaja jina lako baba yako alisimama. Dakika tisini zikaisha hakuna kitu, hawakupata bao, na wewe ndiye ulikuwa unawazuia, hata mtangazaji alisema. Zikaja penalti. Ya mwisho ikawa yako. Mtangazaji akapiga kelele kwamba mpira umegonga mtambaa panya. Nikauliza, "Panya wametokea wapi tena?" Elinami akasema, "Dada, nyamaza, ni ule mti wa juu wa goli." Kisha mtangazaji akasema safari ya vijana wa Same imeishia hapo. Nikalia. Lakini Elinami akanishika bega, "Dada, safari ya leo. Leo tu. Si lazima wapande na wao?" Na baba yako, mtu asiyecheka hovyo, akacheka. "Wapande. Wapande na basi lao lile. Wakifika kona ya pili watashuka walisukume."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Asubuhi iliyofuata, vijana waliokwenda Moshi hawajarudi, pembe ya msaragambo ikalia, nawe unajua pembe ikilia kwetu hakuna nyumba inayobaki na mtu mzima ndani. Kama ni njia, tunachimba njia. Kama ni mfereji wa maji, tunazibua mfereji. Siku hiyo tulikwenda kuchimba uwanja, maana mwenyekiti wa kijiji alisema hatuwezi kuwapokea watu wa Dar kwenye kiwanja chenye mteremko, mpira wao utaishia mtoni. Wanaume wakawa wanakata ukingo wa juu, wanawake tunabeba udongo na mawe kujaza upande wa chini. Makande yalipikwa sufuria tatu. Baba yako aliimba. Mimi sijawahi kumsikia baba yako akiimba nje ya kanisa.

Ndipo ukatokea. Ulikuwa umepanda kwa miguu, begi begani, viatu vya mpira umevifunga kamba shingoni. Tulipokuona tukapiga vigelegele, na wewe ukasimama kama mtu aliyekosea kijiji.

"Mnafanya nini?" ukauliza.

"Tunawaandalia wageni wako!" Baba yako akakuitikia kwa sauti. "Njoo, wewe ndiye unajua goli likae wapi."

Nakumbuka ulivyotutazama. Ulitazama jembe, ukatazama sufuria, ukamtazama bibi yako aliyekuwa amebeba jiwe moja dogo kifuani kama mtoto. Mimi nilidhani ni uchovu. Basi ukaweka begi chini. Ukavua shati. Ukachukua sururu ya Elinami, ukapima hatua, ukaonyesha mahali pa goli, ukaanza kuchimba. Ulichimba mpaka jioni, mwanangu. Wengine walipumzika, wewe hukupumzika. Nilikuletea makande ukala vijiko viwili. Nikakuambia, "Ile penalti isikuumize, watakuja tutawalipa." Ukaniangalia, ukasema, "Uwanja utakuwa mzuri, mama."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho niliyo nayo.

Asubuhi kitanda kilikuwa kimetandikwa na wewe hupo. Nilidhani umewahi gari la Same kwenda kwa kocha. Pembe ikalia tena, tukaenda tena. Tukiwa katikati ya kazi akaja yule mwalimu kijana wa shule ya msingi, akasimama pembeni, akavua kofia kama mtu aliyefika msibani. Akaniita kando, "Mama Mbonea, nani amewaambia kuna marudiano? Huu ni mtoano. Ukitolewa umetolewa." Nikamwambia, "Mwalimu, Mbonea mwenyewe jana amechimba hapa." Waliokuwa karibu wakasikia. Watu wakaanza kuweka majembe begani, mmoja mmoja, bila kuagana.

Nimeifikiria siku ile mara nyingi. Nilikukasirikia kwanza. Nilisema huyu mtoto alituacha tuchimbe kama wajinga. Baadaye nikaona nimekosea. Ungesema nini, na baba yako anaimba? Uliona heri uchimbe. Na sasa nikikumbuka, mwanangu, ile ndiyo siku nzuri ya mwisho iliyoingia nyumba hii, na ni wewe uliyetupatia, ukijua mwenyewe kwamba ni bure.

Sitakudanganya kuhusu watu. Wapo waliosema. Wapo waliosema umetutia aibu, na mwanamke mmoja sokoni aliniuliza kama Dar wameshafika. Nilinunua chumvi yangu nikaondoka. Lakini maneno hayo yamekwisha zamani, watu wana shida zao. Uwanja haukumalizika. Masika ilikuja ikabeba udongo wote tuliojaza, na upande wa chini umekuwa korongo. Watoto hawachezi pale tena.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya niandike. Mwaka jana alirudi mtu kutoka machimboni akasema kuna kijana wa Kipare aliyefukiwa na kifusi, na jina lake halikujulikana vizuri. Ni hayo tu aliyosema, na yeye mwenyewe hakuona, alisimuliwa. Lakini tangu hapo baba yako mdogo hakai kimya. Mwezi uliopita aliita ukoo hapa nyumbani. Akasema kaka yake anaisha kwa kusubiri, kwamba wenzetu wengine mtu akipotea hivi huzika mgomba mahali pake, wakalia, wakaanua matanga, wakaendelea na maisha.

Nikasema, "Mgomba wangu haukatwi."

Akasema, na mbele ya watu wote, "Shemeji, wewe hata marudiano ulisubiri."

Walikuwepo waliocheka kidogo, kisha wakaona aibu. Nikamwambia, "Nilisubiri na jembe mkononi, shemeji. Wewe ulikuwa wapi?" Elinami akainuka akatoka nje. Lakini aliyeniumiza si huyo. Ni baba yako. Nilimtazama anisaidie, akatazama miguu yake, akasema polepole, "Mama Mbonea, mimi nimechoka kuisikiliza njia." Hajakubali, Mbonea, lakini hajakataa pia. Nilimpelekea maji ya kunywa akayashika tu, hakunywa.

Wamenipa mpaka Desemba, watu wakirudi nyumbani kwa Krismasi na ukoo ukiwa umetimia. Kama hakuna neno lolote kutoka kwako, watachimba nyuma ya nyumba, pale karibu na kaburi la babu yako. Mchungaji nimemfuata nikamwuliza, amesema ataomba. Nimemwambia na mimi naomba, lakini naomba usiku na mchana na bado simu haijalia.

Sikuiti urudi ucheze mpira. Sikuiti hata urudi ukae. Kama una mke huko, sawa. Kama una mtoto, jamani, sawa zaidi, mwambie ana bibi wawili. Kama umefanya jambo baya, nitalisikia kwako kabla sijalisikia kwa watu. Kama huna nauli, usione haya, sema. Ila usituache tukulilie na wewe unakula ugali mahali fulani. Hilo, Mbonea, silistahili mimi.

Majirani wameanza kuniita Mama Nakijwa. Hawana ubaya, wanaona wananipunguzia maumivu. Juzi mmoja aliniita hivyo kisimani, akaita mara ya pili na ya tatu, sikugeuka. Nakijwa mwenyewe alikuwa pembeni yangu na ndoo, akamwambia yule mama, "Huyo unayemwita hajafika."

Ukisoma barua hii leo, usisubiri kesho, maana Desemba iko karibu na sisi huku mtandao ni wa kubahatisha. Namba ya mdogo wako ni ile ile, hajabadilisha kwa ajili yako. Kama simu huna, azima. Kama kuongea kutakushinda, usiongee. Bipu tu, mlio mmoja, ukate. Nitajua ni wewe, na nitakwenda kumwambia baba yako.

Kwaheri kwa sasa, mwanangu. Jibu haraka.

Ni mimi mama yako,
Mama Mbonea